Brugmansia kwenye vyungu, Arusha: shajara ya kuzifikisha kwenye maua

Vyungu vinane, baraza linaloelekea mashariki, Arusha mjini, kimo cha takriban mita 1,400. Lengo: brugmansia, kichaka chenye maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ichanue ikiwa chunguni, na irudie kuchanua, bila kuhamishiwa ardhini. Ardhini mmea huu hausumbui. Kwenye nyua za Lushoto au Limuru unaning'iniza tarumbeta zake mwaka hadi mwaka na hakuna anayeuhangaikia. Chunguni unaweza kukaa miaka miwili ukitoa majani makubwa ya kupendeza na usitoe hata tumba moja. Shajara hii ni ya anayetaka kufuata kazi ileile akiwa na vyungu vyake, kwa hiyo yaliyoharibika yamepewa nafasi kubwa kuliko yaliyokwenda sawa.

Tahadhari kabla ya kushika kisu. Majani, maua, mbegu, mizizi na utomvu, vyote ni sumu: vina skopolamini, atropini na hiosiamini, kama ilivyo kwa mnanaha, maana ni ndugu. Vaa glavu, na usifikiche jicho. Utomvu kidogo ukiingia, mboni hutanuka na kuona kunafifia kwa siku kadhaa. Watoto, mbuzi na ng'ombe wasifikie vyungu wala matawi yaliyokatwa. Mtu akila sehemu yoyote ya mmea apelekwe hospitali mara moja, na tawi lipelekwe pamoja naye ili daktari ajue anashughulika na nini.

5 Februari 2023. Vipandikizi

Aina mbili. Chungu 1 hadi 4 ni nyeupe ya jamii ya *Brugmansia suaveolens*, ambayo asili yake ni kusini-mashariki mwa Brazili. Chungu 5 hadi 8 ni chotara wa *B. versicolor*, ambaye asili yake ni nyanda za chini za Ekuado. Ua lake hufunguka jeupe kisha likageuka rangi ya pichi.

Kabla ya kukata, elewa umbo la mti. Brugmansia hupanda na shina moja hadi lifike mahali linapogawanyika mara mbili, yaani panda la kwanza. Maua hutoka juu ya panda, hayatoki chini yake. Kipandikizi kilichokatwa juu ya panda tayari kimekomaa, hivyo huchanua mapema na mti hubaki mfupi. Kilichokatwa chini kinaanza safari upya: lazima kirefuke, kigawanyike, ndipo kitoe tumba. Ukiletewa kipandikizi na hujui kimetoka wapi, angalia jani linapoungana na kikonyo. Juu ya panda, pande mbili za jani hazianzii mahali pamoja. Upande mmoja huanzia chini zaidi. Chini ya panda, pande zote mbili huanza sawa.

Chungu 1, 2, 5 na 6 vimetokana na matawi ya juu ya panda; 3, 4, 7 na 8 na ya chini. Kila kipandikizi sentimita 20, unene wa kidole, majani yamebakizwa mawili na kukatwa nusu. Vimechomekwa kwenye mchanga wa mto uliochanganywa nusu kwa nusu na makapi ya mpunga yaliyochomwa, kivulini. Mizizi ilitoka ndani ya wiki nne.

Vya akiba vilivyowekwa kwenye chupa za maji vilioza vyote kwenye joto la Februari. Njia ya chupa inafaa pale maji yanapobadilishwa kila siku na chupa ikakaa mahali pa baridi. Kwingineko mchanga ni salama zaidi.

12 Machi 2023. Ndoo za lita 20

Ndoo za rangi zilizotumika, zimesuguliwa, matundu manane ya milimita 12 chini na mengine manne ubavuni, sentimita 3 kutoka chini. Udongo: debe 4 za udongo wa bustani, 3 za samadi ya ng'ombe, 3 za changarawe ya pumisi, jiwe jepesi la volkano.

Chungu 3 na 7 viliungua mizizi. Ncha za majani zilikauka rangi ya kahawia, mmea ukalegea ingawa udongo ulikuwa na unyevu. Sababu ni samadi: mfuko mmoja ulikuwa haujaoza sawasawa, bado una joto ukiingiza mkono. Tiba ilikuwa kuung'oa mmea, kuosha mizizi taratibu na kuupanda upya kwenye udongo na pumisi pekee, samadi ikarudishwa juu juu baada ya mwezi. Samadi ikinuka amonia, haijafika.

28 Mei 2023. Majani machanga yanageuka manjano

Hapa ndipo mradi ulipokwama, na anayelima chunguni Arusha atakwama hapo asipojua maji yake.

Masika yote vyungu vilikuwa chini ya paa la baraza, vikinywa maji ya bomba badala ya mvua. Mwishoni mwa Mei, ncha za vyungu vyote zilitoa majani ya manjano yenye mishipa ya kijani. Majani ya zamani yalikuwa mazima. Ukuaji ukasimama.

Dalili hizi husomwa kwa kuangalia jani lipi limeanza. Jani la zamani likipauka lote, naitrojeni imepungua. Jani la zamani likiwa manjano katikati ya mishipa, ni magnesi. Jani changa likiwa manjano na mishipa ikabaki kijani, ni chuma. Mara nyingi chuma kimo udongoni tele, ila mmea hauwezi kukichukua kwa sababu udongo umekuwa na alkali nyingi.

Karatasi za kupimia asidi na alkali zilionyesha maji ya bomba pH 8.3 (juu ya 7 ni alkali), na maji yaliyochuruzika chini ya ndoo karibu 8. Maji ya mteremko wa Meru yanajulikana kwa floridi, lakini kwa mmea wa chunguni kikubwa ni bikaboneti ya sodiamu: kila umwagiliaji unaongeza alkali, na ndoo haina pa kuitoa kama ardhi. Usidanganywe na birika lisilo na magamba. Magamba huletwa na chokaa, na maji haya yana sodiamu.

Kwanza tulinunua mbolea ya chuma iliyokuwa dukani, aina ya EDTA, tukaimwaga chini. Haikusaidia. Aina hiyo hushika chuma vizuri hadi pH 6.5 hivi, na juu ya hapo inakiachia kikaganda udongoni. Aina inayovumilia alkali ni EDDHA, inayoacha maji mekundu kama damu ya mzee. Gramu 2 kwa ndoo, mara moja, na majani mapya yaliyofuata yalitoka ya kijani ndani ya wiki mbili.

EDDHA pekee ni kupoza tu. Tiba ya kudumu ni maji. Mfereji wa paa umeelekezwa kwenye tangi, na mvua inapokwisha maji ya bomba yanatiwa unga wa asidi ya sitriki, ule wa juisi na jamu. Kwa maji yetu gramu 6, kijiko cha chai chenye kilima kidogo, zinashusha lita 20 hadi pH 6.2. Yako yatataka kipimo kingine: tia kidogo, koroga, subiri dakika kumi, pima, ongeza. Lenga kati ya 6 na 6.5. Maji ya ndimu nayo yanafanya kazi, ila yanaacha sukari inayoita inzi na sisimizi. Mara moja kwa mwezi mwagia hadi theluthi ya maji itoke chini ili sodiamu isikusanyike. Asidi hii haiondoi floridi, kwa hiyo isichukuliwe kuwa njia ya kusafisha maji ya kunywa.

16 Julai 2023. Mbolea, na shina lililokatwa vibaya

Ushauri unaozunguka ni kwamba mmea usiochanua upewe mbolea ya DAP kwa ajili ya fosforasi. Kwa brugmansia ya chunguni tunaupinga waziwazi. Fosforasi ikizidi hufunga chuma, na tumetoka kuhangaika na chuma. Urea peke yake nayo hutoa majani mapana na shina laini linalopendwa na utitiri. Mmea huu ni mlaji mkubwa wa kila kitu, naitrojeni ikiwemo, na unataka kidogo kidogo bila kuruka wiki.

Ratiba iliyobaki hadi mwisho: kila wiki gramu 10 za mbolea ya NPK 17:17:17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa usawa) kwa lita 10 za maji, zimelowekwa usiku kucha na kuchujwa, kwa sababu chembe zake hubakiza matope yanayoziba udongo. Ndoo ya lita 20 inapata lita 2 za mchanganyiko huo, na udongo uwe umelowa kabla. Matumba yakionekana, wiki moja NPK, wiki ya pili gramu 10 za naitreti ya potasiamu (13-0-46) kwa lita 10. Mara moja kwa mwezi chumvi ya Epsom, gramu 3 kwa lita.

Chungu 7 kilikuwa kimegonga paa la baraza kikiwa na mita 1.5, bado hakijagawanyika, kikakatwa kwenye mita 1. Hapo saa ilirudishwa nyuma: shina lilitoa machipukizi matatu, yote ya chini ya panda, na kila moja likaanza kurefuka upya. Mrefu asiyegawanyika asogezwe penye nafasi, au ainamishwe kwa kamba. Kisu kisubiri panda.

3 Septemba 2023. Matumba yanaanguka

Chungu 1, 2, 5 na 6 vilitoa matumba mwishoni mwa Agosti, mimea ikiwa na sentimita 60 hadi 80 tu. Vya kutoka chini ya panda vimegawanyika sasa kwenye mita 1.2 hadi 1.4, isipokuwa 7. Tofauti ya kipandikizi inaonekana kwa macho.

Kisha matumba ya urefu wa kidole yakageuka manjano na kudondoka yakiwa bado yamefungwa. Wadudu hawakuwepo, na majani yalikuwa mazima. Kilichobadilika ni hewa: baridi ya Julai imekwisha, jua limerudi na upepo mkavu. Ndoo iliyomwagiliwa asubuhi ilikuwa imekauka saa nane mchana, majani yamelala, na jioni yakimwagiwa yanasimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Jani husamehe kiu ya mchana mmoja, tumba halisamehe. Mmea ukikosa maji huanza kwa kutupa maua.

Suluhisho ni chombo. Diaba za lita 60, matundu kumi na mawili ya chini na manane ya ubavuni, udongo uleule. Mti wenye majani kamili ulikunywa lita 6 hadi 8 kwa siku ya joto, na ndoo ya lita 20 haina pa kuzishika. Vyungu 1, 2, 3, 5, 6 na 7 vimehamishwa. Mfuniko wa makapi ya mpunga, sentimita 4 juu ya udongo, ulipunguza ukaukaji sana.

Usirukie diaba tangu mwanzo, hata hivyo. Mmea mdogo ndani ya udongo mwingi uliolowa huoza mizizi. Kiriba, kisha chombo cha lita 10 au 20, kisha lita 60 pale mizizi inapochungulia matunduni.

8 Oktoba 2023. Jaribio la kiu

Vyungu 4 na 8 vilibakizwa kwenye ndoo kwa makusudi. Bustani nyingi huchanuisha bogenvilia kwa kuinyima maji, na wengi huihamishia brugmansia mbinu hiyo. Vyote viwili vilikuwa vimegawanyika na vina matumba madogo. Vilinyimwa maji hadi majani yalipolala asubuhi, vikapewa nusu lita, vikanyimwa tena.

Matumba yote yalidondoka. Theluthi mbili ya majani ikafuata, na chungu 4 kikakauka ncha za matawi. Wakati huohuo vyungu 2, 5 na 6, vilivyo kwenye diaba na havikukosa maji hata siku moja, vilifungua maua ya kwanza: chungu 5 kumi na moja kwa pamoja, kila moja na urefu wa sentimita 28 hivi, yakinukia kuanzia saa moja jioni.

Mbinu ya bogenvilia haina kazi hapa. Bogenvilia imezoea ukame na huujibu kwa kuchanua. Brugmansia inatoka kwenye unyevu, na ikikatizwa hurudi hatua. Mambo yote yaliyotuchelewesha hadi sasa ni ya aina moja: mizizi iliyoungua, chuma kilichofungwa, shina lililokatwa chini ya panda, kiu ya mchana. Kila moja ni mkatizo. Ukitaka maua, tafuta mmea wako unakatizwa wapi kabla hujaenda dukani kutafuta dawa ya kuchanulisha.

26 Novemba 2023. Mvua za El Niño

Vuli ya mwaka huu ni nzito kupita kawaida. Vyungu vilikuwa vimesogezwa nje ya paa vinywe mvua, na visahani vikaachwa chini yake. Baada ya siku kadhaa za maji kusimama, chungu 4 na 8 vililegea huku udongo ukiwa umelowa chepechepe. Dalili hii humponza mtu akaongeza maji. Majani yakilala na udongo umelowa, ng'oa uangalie mizizi: mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, huchunika ganda ukiivuta na inanuka.

Chungu 4 kilikufa. Mizizi yake ilikuwa imepunguzwa na jaribio la kiu, na mizizi iliyokufa kwa ukame ndiyo huanza kuoza maji yakijaa. Chungu 8 kiliokolewa: mizizi mibovu ilikatwa, majani yakapunguzwa nusu, kikarudishwa kwenye ndoo yenye pumisi nusu, bila mbolea hadi kilipotoa majani mapya, na baadaye diaba.

Visahani vimeondolewa vyote. Diaba zimewekwa juu ya matofali matatu matatu ili matundu yapumue. Mvua kubwa pia huosha chakula: kila baada ya mvua ya siku tatu mfululizo, dozi ya wiki inarudiwa.

14 Januari 2024. Mawimbi ya maua, jua na utitiri

Maua huja kwa mawimbi. Wimbi moja linachanua, mti unakaa wiki nne hadi sita ukikuza matawi, kila tawi linagawanyika tena na kutoa tumba kwenye panda jipya. Kwa hiyo ukimya baada ya maua si ugonjwa, na si wakati wa kuacha mbolea. Chungu 5 na 6 viko wimbi la tatu, chungu 1 na 2 la pili, chungu 3 la kwanza. Chungu 7 ndiyo kwanza kinagawanyika.

Jua: vyungu vilivyopata jua la asubuhi hadi saa sita na kivuli baada ya hapo vilishika ua siku nne hadi tano. Chungu 1 kilikuwa kona inayopigwa na jua la jioni pamoja na joto la ukuta; ua lilinyauka siku ya pili, kingo zimeungua. Kilisogezwa maua yalipokwisha, kwa sababu kusogeza mti wenye matumba nako ni mkatizo.

Utitiri uliingia na ukavu wa Januari. Aina mbili, tiba mbili. Utitiri mwekundu huacha vidoti vyeupe na utando chini ya jani. Maji ya bomba yenye nguvu chini ya majani, asubuhi tatu mfululizo, kisha mafuta ya mwarobaini mililita 5 na tone la sabuni kwa lita, jioni. Utitiri mpana hauonekani kwa macho. Ncha hukunjamana, majani machanga hukakamaa, tumba hubaki dogo na kupinda. Huu hutibiwa kwa salfa ya unga ya kuchanganya na maji, gramu 2 kwa lita, jioni, mara mbili kwa wiki mbili. Salfa na mafuta visikutane kwenye jani moja ndani ya wiki mbili, na salfa isipigwe siku ya joto linalofika nyuzi 30, majani huungua.

Nyanya, pilipili na viazi visikae jirani. Ni jamii moja, na hugawana inzi weupe, utitiri na virusi.

Kwa walio Tanga, Dar es Salaam au Mombasa: chagua *versicolor*, *insignis* au chotara wao, maana zinastahimili usiku wa joto. *B. sanguinea*, yenye ua jembamba jekundu na njano lisilo na harufu, ni ya milima ya Andes na inataka usiku wa baridi. Pwani itaishi kwa tabu na isichanue.

10 Machi 2024. Kupunguza mizizi, na hesabu

Chungu 5 na 6 vimejaza diaba. Maji yanapita ubavuni bila kuingia. Badala ya chombo kikubwa zaidi, mti unatolewa, msumeno unapunguza sentimita 5 za mizizi kuzunguka na chini, unarudishwa na udongo mpya. Matawi yanapunguzwa kwa kiasi hichohicho, lakini kila tawi linaachiwa angalau vifundo vitatu juu ya panda la kwanza. Kazi inafanywa kati ya mawimbi.

Matawi yaliyokatwa yamefukiwa shimoni. Yasitupwe mtoni wala kwenye korongo. Yanaota, na kwenye nyanda za juu za Afrika Mashariki mmea huu umekwisha kutoroka bustani na kufuata vijito.

Matumizi hadi leo, kwa shilingi za Tanzania: ndoo nane 32,000, diaba saba 154,000, samadi 8,000, mchanga na pumisi 6,000, NPK kilo mbili 7,000, naitreti ya potasiamu 6,000, chumvi ya Epsom 3,000, asidi ya sitriki 6,000, chuma cha EDDHA 9,000, karatasi za pH 10,000, salfa 6,000, mwarobaini 8,000, glavu 4,000. Jumla 259,000, bila mbolea ya EDTA isiyofaa. Anayeanza leo aweke viriba na vyombo vya lita 10 mahali pa ndoo, na anunue karatasi za pH kabla ya mbolea yoyote.

Vyungu 5 na 6 viko kivulini kwa siku kumi, maji ya kutosha, bila NPK hadi majani mapya yafike urefu wa kidole. Chungu 7 kina matumba manne ya kwanza, na hakisogezwi.